Jenereta ya Petroli Wakati wa Jua Kali

Mfugaji aliye na maziwa ya kupoza, au mayai yaliyomo katika mashine ya kuangulia vifaranga, huitegemea jenereta yake zaidi siku zile jua linapokuwa kali kupita kiasi. Na siku hizo hizo ndizo injini huzimika. Maziwa yasiyopozwa mchana kutwa huharibika, na hasara hiyo haina wa kuilipa. Basi yampasa kujua ni kitu gani hasa kinachoishinda injini yake.

Wengi husema kwamba jua huiba nguvu za injini. Ni kweli, lakini si nyingi. Hewa ya moto ni nyepesi, nayo huleta oksijeni haba ya kuunguzia petroli. Hata hivyo, kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi zinazozidi 25, nguvu inayopotea ni kama sehemu 1 katika 100. Mwinuko wa nchi hupunguza zaidi: kama sehemu 3 na nusu katika 100 kwa kila mita 300 juu ya usawa wa bahari. Huko Dodoma, palipoinuka zaidi ya mita 1,100, jenereta iliyoandikwa wati 3,000 isitazamiwe kutoa zaidi ya wati 2,600 hivi mchana wa joto. Mwenye kuitwika wati zote 3,000 asiilaumu ikizima.

Kinachoiua injini ni joto lake yenyewe likikosa njia ya kutoka. Injini hizi ndogo hazipozwi kwa maji. Gurudumu zito lililo nyuma ya kamba ya kuwashia lina mapanga, nayo husukuma upepo juu ya mapezi ya chuma yaliyozunguka silinda. Makapi, vumbi na manyoya ya kuku hunasa kati ya mapezi hayo, chini ya kifuniko, mahali ambapo mtu haoni. Kifuniko kifunguliwe injini ikiwa imepoa, na uchafu uondolewe kwa brashi kavu. Maji yasimwagwe kamwe juu ya chuma chenye moto, maana huweza kupasuka.

Kivuli chafaa, lakini kiwe cha bati lililoinuliwa juu, pasipo kuta. Makuti huweza kushika moto wa bomba la moshi. Wako waiingizao ndani ya stoo ili kuikinga na jua. Jambo hili ni baya kuliko kuunguza injini. Moshi wake una kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu waliolala. Kufungua dirisha hakutoshi. Jenereta na ikae mita 6 au zaidi kutoka nyumba yoyote, bomba likielekea mbali na milango na madirisha.

Oili hupungua upesi wakati wa joto. Ipimwe kila siku, injini ikiwa imezimwa na kukaa mahali tambarare. Katika injini nyingi za namna hii oili namba 30 yafaa nchi za joto. Lakini kitabu cha mtengenezaji ndicho cha kufuatwa. Pale inapobadilishwa kila saa 50, katika kazi nzito na jua kali ibadilishwe kila saa 25. Sifongo la chujio la hewa lioshwe kwa maji ya sabuni, likauke kabisa, litiwe oili kidogo na kukamuliwa.

Petroli isitiwe injini ikiwa na moto, wala tangi lisijazwe hadi mdomoni, kwa kuwa petroli hutanuka kwa joto.

Wakati wa kuzima, vyombo vyote viondolewe kwanza, injini iachwe izunguke bila mzigo kwa dakika chache, upepo wa gurudumu upate kuipoza, ndipo izimwe.