Umbo la Molekuli na Thamani ya Pareto: Utafiti wa Ryoji Noyori na Zao la Nyanda za Juu za Njombe

Makala hii inafafanua uhusiano baina ya mambo mawili ambayo ni nadra kujadiliwa pamoja: zao la pareto katika Mkoa wa Njombe, na utafiti wa mkemia Mjapani Ryoji Noyori, aliyezaliwa mwaka 1938. Hoja inayotetewa ni kwamba thamani ya pareto imo katika umbo la molekuli zake, na kwamba wakemia walihitaji miaka mingi kujifunza kuliunda umbo hilo.

Mkulima huchuma maua na kuyakausha. Barabara ya Njombe huungana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Zambia mjini Makambako. Ukielekea Iringa kwa barabara hiyo utafika Mafinga, kilipo kiwanda cha kusindika pareto. Kinachokamuliwa humo ni pairethrini, yaani esta sita zinazovuruga neva za wadudu. Tatu kati yake zimejengwa kwa asidi ya krisanthemi. Asidi hiyo yaweza kuwa na maumbo manne, yaliyo jozi mbili. Katika kila jozi, umbo moja ni taswira ya jingine kiooni, mfano wa mkono wa kulia na wa kushoto. Mmea huunda umbo moja tu. Esta iliyojengwa kwa taswira ya umbo hilo karibu haina nguvu yoyote dhidi ya wadudu.

Usanisi wa kawaida wa maabara hutoa mikono yote miwili kwa kiasi sawa, na hivyo nusu ya zao lake huwa hasara. Mwaka 1966, akiwa Kyoto pamoja na Hitosi Nozaki, Noyori alitumia kichocheo cha shaba chenye umbo la mkono mmoja kuunda pete ya kaboni tatu, aina ileile ya pete iliyomo katika asidi ya krisanthemi. Ziada ya mkono mmoja haikuzidi takriban asilimia 10, yaani sehemu 55 kwa 45. Kwa kiwanda, tokeo hilo halikuwa na faida. Kwa nadharia, lilithibitisha kwamba kichocheo kidogo chaweza kuelekeza umbo la molekuli nyingi. Katika miaka ya 1970, Tadatoshi Aratani wa kampuni ya Sumitomo aliboresha vichocheo vya shaba hadi ziada ikapita asilimia 90 katika usanisi wa asidi hiyo. Noyori, aliyehamia Nagoya mwaka 1968, aliendeleza kanuni hiyo katika uongezaji wa hidrojeni, na mwaka 2001 alitunukiwa Nobeli ya Kemia pamoja na William Knowles na Barry Sharpless.

Je, maendeleo hayo yanamwondoa mkulima sokoni? Ushindani ni wa kweli: permethrini, iliyobuniwa Rothamsted, Uingereza, katika miaka ya 1970, hustahimili jua kuliko pairethrini. Hata hivyo, kuoza upesi kwa pairethrini katika mwanga hupunguza masalia ya sumu kwenye chakula na mazingira, na hiyo ndiyo sifa inayoipa pareto nafasi yake. Sifa hiyohiyo inadai uangalifu: ua lililokaushwa au kuhifadhiwa vibaya hupoteza pairethrini kabla ya kufika kiwandani. Kwa hiyo, utafiti wa kemia unaoweza kumfaa mkulima wa Njombe hauna budi kuanzia kwenye ukaushaji na upimaji wa pairethrini, kwani umbo ambalo maabara ililitafuta kwa miaka mingi tayari limo shambani mwake.