Manyani wa Adili na uchungu wa yasiyowezekana

Liwali wa Janibu ana kazi moja isiyo ya uliwali. Kila usiku hushika kiboko akawachapa manyani wawili, kisha akawalisha na kuwabembeleza. Manyani hao ni nduguze, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini kwa husuda wakageuzwa na jini aliyemwokoa, na ni jini huyo aliyeamuru wachapwe. Shaaban Robert aliisimulia habari hii katika Adili na Nduguze, kitabu kilichotoka mwaka 1952, na mbegu yake imetoka mbali, katika Alfu Lela Ulela, ambamo walioadhibiwa vile ni mbwa. Miongoni mwa waliokisoma darasani tangu wakati huo hayumo hata mmoja ambaye nduguye aliwahi kuota mkia. Hata hivyo usiku ule wa Janibu unauma kuliko riwaya nyingi za mirathi, talaka na ugomvi wa viwanja, mambo ambayo msomaji anayajua mpaka harufu yake.

Tumezoea kuiona ajabu ya namna hii kama kachumbari pembeni ya pilau, kitu cha kuchangamsha mdomo tu. Naona kinyume chake: ajabu ndiyo inayoupika uchungu wenyewe. Tuwatoe manyani, tumwachie Adili ndugu wawili wa kawaida waliotaka kumwua. Mara moja milango kadhaa itafunguka. Atakwenda mahakamani, au atawaita wazee wa ukoo, au atahama mji, au siku moja atasamehe na kisa kiishie mezani kwa chai. Maisha halisi yana njia nyingi za kukwepa hisia zetu wenyewe, na riwaya ya uhalisia, kwa kuwa inaheshimu maisha, inalazimika kuziacha njia hizo wazi. Sheria ya jini inazifunga zote. Kinachobaki ni mkono mmoja wenye kazi mbili, kuchapa na kulisha, usiku baada ya usiku. Mapenzi na adhabu, ambavyo katika nyumba za kawaida hupokezana zamu kiasi kwamba hatuvioni pamoja, hapa vimefungiwa chumba kimoja. Said Ahmed Mohamed alifanya jambo la jinsi hiyo katika Babu Alipofufuka, riwaya ya mwaka 2001. Mkubwa wa serikali aliyeshiba hujua namna ya kumwepuka mwombaji yeyote: yuko mkutanoni, njoo kesho, mwone karani. Lakini babu aliyetoka kaburini haambiwi aje kesho.

Watakuja hapa wahakiki wetu, na walimu zaidi yao, waseme kwamba haya yote ni mafumbo ya siasa. Kusadikika ya Shaaban Robert, nchi inayoelea angani, ni ukoloni. Sayari ya Walenisi ni ujamaa uliotamaniwa. Kazi ya msomaji ni kufumbua na kuandika jibu kwenye karatasi ya mtihani. Hoja hii ina uzito, wala si ya kubezwa. Katama Mkangi, mwandishi wa Walenisi, aliwekwa kizuizini Kenya mwaka 1986, na riwaya yake ya mwaka 1995 inaanza na mtu aliyehukumiwa kufa kwa kurushwa angani. Hakuna haja ya darubini kuona uhusiano. Ila fumbo lililo fumbo tu hufa likishafumbuliwa, kama kitendawili ambacho kila mtoto anajua jibu lake. Wakoloni walikwishaondoka, na bado mshtakiwa Karama akisimama mbele ya baraza la Kusadikika kuwataja wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na mema waliyoyaona, wakatupwa gerezani, kifua cha msomaji kinabana. Kinachobana si ukoloni. Ni yale malipo ya aliyekwenda kwa ajili ya wenzake, na kujirudia kwake mara sita kunafanya kile ambacho tukio moja la kweli lisingeweza. Anayempa mwanafunzi jibu la fumbo kabla hajauonja uchungu huo amempa ganda.

Wako pia wanaosema huku ni kuukimbia ukweli. Sijui msomaji anakimbilia wapi anapoishia mikononi mwa Adili na kiboko. Na katika pwani yetu, ambako jini ana mahali pake katika mazungumzo ya jioni bila mtu kushtuka, mpaka kati ya kweli na ajabu haujawahi kuwa ukuta.

Pingamizi ninalolikubali, na linaniumiza kidogo, ni jingine: pale ambapo kila kitu kinawezekana, hakuna kinachouma. Ajabu hufanya kazi ikiwa na sheria kali. Kazuo Ishiguro alilijua hili katika Never Let Me Go ya mwaka 2005, ambamo vijana wamezalishwa ili viungo vyao vitolewe kimoja kimoja. Ajabu ni hiyo moja tu. Mengine yote ni shule, vivuli vya miti na wivu wa kawaida, na ndiyo maana tumaini lao dogo la kuahirishiwa, eti kwa sababu wanapendana kweli, halivumiliki. Euphrase Kezilahabi, katika Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile iliyofuata, alichagua njia nyingine. Ardhi inahama chini ya miguu, wafu na walio hai wanabadilishana nafasi, na akili ya msomaji inaamka huku moyo wake ukikosa pa kushika. Huenda ndivyo alivyotaka. Yeye, mwandishi wa Rosa Mistika, hakuhitaji kufundishwa jinsi ya kuliza watu. Lakini wasomaji wanaoviweka chini vitabu hivyo viwili wasiambiwe ni wavivu. Wamekosa amri ya jini, ile inayosema usiku huu ni hivi na kesho pia ni hivi.

Shaaban Robert mwenyewe hakuiacha amri hiyo idumu. Hasidi na Mwivu wanasamehewa na kurudi kuwa watu, na mambo yanakaa sawa kwa upesi unaotia shaka. Mwisho huo ni wa ngano na una haki yake, lakini Adili ninayebaki naye ni yule wa kabla ya msamaha, chakula mkono mmoja, kiboko kikiwa bado hakijapoa.