Muuaji Tulimwona, Jirani Je?



Wapenzi wa tamthilia za zamani za polisi wanamkumbuka Luteni Columbo wa Los Angeles, aliyeigizwa na Peter Falk: koti la mvua lililokunjamana, sigara kubwa mkononi, na lile swali la mwisho akiwa ameshafika mlangoni. Mwaka 1971 mfululizo wake ulianza kurushwa na televisheni ya NBC ya Marekani.

Ukiutazama kwa makini, mengi hayaaminiki. Mpelelezi humshuku mhusika karibu tangu siku ya kwanza, wala hakosei. Muuaji, tajiri mwenye uwezo wa kuweka mawakili, huonyeshwa kasoro moja ndogo katika maelezo yake, naye hunyoosha mikono. Katika kipindi kimoja cha mwaka 1972, ambacho kisa chake kinatokea London, Columbo mwenyewe anarusha lulu moja ndani ya mwavuli, na lulu hiyo ndiyo inayowaangusha wauaji. Mahakama makini ingeuliza: ushahidi huu umewekwa na nani?

Kwa nini basi mtazamaji halalamiki? Kwa sababu dakika za mwanzo alionyeshwa mauaji yenyewe. Anamjua mkosaji, hivyo hata ushahidi mwembamba unamtosha.

Makanisani nasi huishi kama watazamaji wa Columbo, ilhali dakika zile za mwanzo hatukuziona. Fedha za kikundi zikipungua, mwizi tunamjua kabla daftari halijafunguliwa. Binti akiacha kwaya ghafla, sababu tunayo tayari. Tukishaamini, kila kitu hugeuka ushahidi: akinyamaza, ana hatia, akijitetea, ana hatia zaidi. Na wakati mwingine lulu tunaitumbukiza wenyewe. Tunaongeza chumvi kidogo tu, na jina la mtu limekwisha.

Neno la Mungu halikubali njia hiyo. Kumbukumbu la Torati 19:15 hudai mashahidi wawili au watatu. Katika Yohana 7:51 Nikodemo aliwauliza wenzake kama torati yao humhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Walimkejeli, lakini swali lake hawakulijibu.

Ni Mungu peke yake aliyeona mwanzo wa kila habari. Naye, aliyeona yote aliyotenda Daudi, hakuanza kwa kumtangaza sokoni. Alimtuma Nathani amwendee na kusema naye uso kwa uso, na Daudi akakiri (2 Samweli 12). Ukiri ule haukuhitaji ushahidi wa kupandikizwa. Ulizaliwa na ukweli, na msamaha ukaufuata papo hapo.

Wiki hii, kabla hujaipeleka mbele habari ya mtu, jiulize: niliona, au nilisimuliwa? Na kama lipo jina ulilolichafua, usiishie kutubu chumbani. Rudi kwa wale wale uliowaambia, ukalisafishe.

Jumapili njema.