Dawa ya tibi: wagonjwa wawili walipinga breve, na wakashinda

Mchimbaji akirudi kutoka Manguredjipa na kikohozi cha wiki tatu, majirani wanaanza kusema amerogwa. Lakini tuangalie kwanza vumbi. Vumbi ya mawe tunayoponda juu ya zahabu inaingia mu mapafu na kubaki mule. Mapafu yenye kuchoka hivyo yanashikwa haraka na kifua kikuu, ile tunaita tibi. Na bibi na watoto wanalala naye mu chumba kimoja.

Tibi ya kawaida inapona kwa miezi sita ya dawa. Shida ni tibi sugu, ile inakataa dawa za kawaida. Zamani mgonjwa wake alichomwa sindano miezi na miezi, na wengine walibaki viziwi. Kidonge kilichobadilisha mambo kinaitwa bedaquiline, cha kampuni Johnson & Johnson. Marekani ilikikubali Desemba 2012.

Hapa njo breve inaingia. Breve, ile ndugu zetu wa Tanzania wanaita hataza, inampa mvumbuzi haki ya kutengeneza na kuuza kitu chake peke yake, kawaida miaka 20. Ni kama permi ya mine: mwenye karatasi anachimba, wengine wanasimama pembeni. Na akiwa peke yake sokoni, bei anaipanga yeye.

Breve kubwa ya bedaquiline ilikuwa ya kuisha Julai 2023. Kampuni ikaomba nyingine kule India, juu ya dawa ileile ikiwa mu sura ya chumvi. Ingepewa, ingeendelea mpaka 2027.

Februari 2019 wanawake wawili waliopona tibi sugu, Nandita Venkatesan wa India na Phumeza Tisile wa Afrika Kusini, wakapeleka pingamizi ku ofisi ya breve ya India. Wote wawili sindano ziliwapotezea kusikia. Madaktari Wasio na Mipaka waliwasaidia.

Walishinda namna gani? Kwanza, waliwahi: India, mtu yeyote anaweza kupinga kabla breve haijatolewa. Pili, walishika sheria, hawakulia tu juu ya bei. Walisema kugeuza dawa inayojulikana kuwa chumvi si uvumbuzi, na sheria ya India inakataa breve kwa sura mpya ya dawa ya zamani kama haiponyi zaidi. Tarehe 23 Machi 2023 ofisi ikakataa ombi la kampuni.

Agosti ya mwaka ule, dawa ya miezi sita iliyokuwa dola 289 ikashuka mpaka dola 130 kwa nchi zinazonunua pamoja. Kampuni ya India, Lupin, nayo ikaingia sokoni. Septemba, Johnson & Johnson ikatangaza haitatumia breve zake zilizobaki juu ya dawa hii mu nchi 134 maskini na za kati.

Kwetu mgonjwa halipi dawa ya tibi, lakini kuna anayelipa. Bei ikishuka, pesa ileile inaponya watu wengi zaidi.

Kwa hiyo, ndugu wachimbaji, kikohozi kikipita wiki mbili, iwe Beni, iwe Butembo, iwe ku karyeri, nenda sante upimwe makohozi. Wale wawili walipigania kidonge hiki. Tusikubali kufa nacho kikiwa karibu.