Kumlilia Paka si Uzungu

Mtu akifiwa na mzazi, majirani hujaa uani, jamvi hutandikwa, na kazini hupewa ruhusa bila maswali. Akifiwa na paka aliyeishi naye miaka 15, hutarajiwa kuamka, kuoga na kwenda kazini kana kwamba hakuna lililotokea. Macho yakionekana mekundu, huambiwa aache uzungu. Shutuma hiyo haina haki. Inadai kwamba huzuni hii ni ya kuiga, kitu cha sinema na cha wenye nafasi, wakati ushahidi unaonyesha kinyume, na sehemu yake imefukiwa kwenye njia ile ile ya biashara iliyoleta meli za kale mwambao wetu.

Berenike ilikuwa bandari ya Misri kwenye Bahari ya Shamu, enzi za utawala wa Warumi. Kitabu cha mabaharia cha karne ya 1, kiitwacho Periplus, kinaitaja bandari hiyo, na kinaitaja pia Rhapta, soko ambalo wataalamu wengi huliweka katika pwani ya Tanzania ya leo. Nje ya mji wa Berenike waakiolojia wamefukua makaburi ya wanyama zaidi ya 500, ya karne ya 1 na ya 2, na wengi mno ni paka. Hawakukaushwa kwa dawa wala hawana alama za kuchinjwa. Wamelazwa mashimoni kama waliosinzia. Baadhi wamefunikwa kitambaa au kigae cha mtungi, wengine wana kola ya chuma au mkufu wa shanga shingoni. Kinachogusa zaidi ni kwamba miongoni mwa wanyama hao wamo waliokwisha karibu meno yote, na waliokuwa hawawezi kutembea vizuri. Katika mji wa jangwani, ambako chakula kilitoka mbali, mnyama wa hali hiyo asingedumu bila mtu wa kumlisha, pengine hata kwa kumlainishia chakula.

Msomaji atasema: Wamisri si waliabudu paka? Ni kweli, na Herodotus aliandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo kwamba paka akifa nyumbani, wenyeji walinyoa nyusi. Lakini ibada hiyo ilikuwa na upande wake wa kutisha: paka wengi wachanga walivunjwa shingo kwa makusudi, wakakaushwa na kuuzwa kuwa sadaka kwa mungu wa kike Bastet. Wa Berenike hawakuwa sadaka ya mtu. Wala haitoshi kusema walipendwa kwa kuwa walikamata panya, maana mnyama asiye na meno hakamati kitu. Aliyeendelea kumlisha mnyama wa hivyo, kisha akamchimbia kaburi, hakuwa akitafuta faida wala baraka.

Katika Uislamu, dini ya wengi wa mwambao wetu, paka ameruhusiwa kuingia ndani. Hadithi iliyopokewa na Kabsha binti Kaab inasimulia jinsi Abu Qatada alivyoinamisha chombo cha maji ya kutawadhia ili paka anywe, akaeleza kwamba Mtume alisema paka si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Dini inakataza kupiga mayowe na kujirarua, si chozi. Na hakuna anayeomba paka asomewe hitima.

Pingamizi zito zaidi ni hili: watu wanazika watoto wao, nawe unamlilia paka? Linastahili jibu la heshima, kwa kuwa anayelisema mara nyingi ana msiba wake moyoni. Paka si sawa na mtoto. Lakini huzuni haifuati cheo cha aliyekufa peke yake. Hufuata pia mazoea. Alfajiri paka yupo mlangoni akidai chakula, jioni samaki wakiparuliwa anajipitisha miguuni, usiku anajikunja juu ya kanga iliyoachwa kitini. Akifa, saa hizo zote zinabaki na pengo. Kwa mjane aliyebaki na paka waliyemlea pamoja na marehemu mumewe, msiba wa leo huamsha ule wa zamani. Kumkemea hakumpunguzii mfiwa mwingine uchungu hata chembe. Mwaka 1989 Mmarekani Kenneth Doka aliandika juu ya huzuni ambayo jamii haiitambui, akionyesha kwamba humlemea mtu zaidi kwa sababu hana pa kuisemea.

Na ya kusema huwa mengi, hasa majuto. Paka huficha ugonjwa. Figo huweza kuharibika taratibu naye bado anaruka dirishani. Wapo wanaompa Panadol kwa nia njema, wasijue kwamba hata kidonge kimoja chaweza kumuua. Wapo wanaokubali daktari wa mifugo amchome sindano ya kumpumzisha, kisha hujiuliza usiku kucha kama waliharakisha. Mtu huyo hasaidiki kwa kuambiwa atapata mwingine. Apewe pole, aachwe asimulie. Watoto nao, ambao kwa wengi hiki ndicho kifo cha kwanza kukiona, huambiwa paka ametoroka. Mtoto wa hivyo ataendelea kumwita uani na kumwekea chakula, na siku akiujua ukweli hatawaamini tena waliomdanganya. Aambiwe wazi kwamba amekufa na harudi, na akitaka kuwapo wakati wa kumzika, aachwe awepo.