Hodi kwenye Nyumba Isiyo Yake

Jioni ile umeme ulikatika Garsen kwa nusu saa, ukarudi. Feni ikaanza kuzunguka, taa za ruta zikawaka moja baada ya nyingine, nami nikaketi barazani na kipakatalishi changu ili niingie katika kompyuta iliyoko chumba cha mbele. Kompyuta hiyo haina kioo. Kilikufa mwaka jana na pesa za kununua kingine hazijapatikana, kwa hiyo naifikia kupitia mtandao wa nyumbani tu, kwa kuiita kutoka mashine nyingine. Ndani yake mlikuwa na fomu za basari za watoto wa majirani, na asubuhi zilihitajika zikiwa zimechapishwa.

Nikaandika amri niliyoizoea. Jibu likaja papo hapo: "Connection refused". Hodi yangu ilikuwa imekataliwa.

Nikaijaribu ile anwani kwa amri ya ping, ambayo kazi yake ni kuuliza kama kuna mtu tu. Ikaitika. Nikaamua kwamba kompyuta iko macho ila programu yake ya kupokea wageni imekufa, nikapoteza saa nzima nikiizima na kuiwasha. Binti yangu, aliyekuwa akisoma kando yangu, ndiye aliyeuliza: "Baba, una hakika inayoitika ni ile kompyuta?"

Tukafungua ukurasa wa ruta penye orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Anwani niliyokuwa nikiibishia hodi, 192.168.1.5, sasa ilikuwa ya simu yake. Kompyuta ilikuwa imepewa 192.168.1.8. Saa nzima nilikuwa nimepiga hodi kwenye nyumba ya mwingine, na mwenyewe akinijibu kwa haki kwamba hanijui.

Ruta ndiyo inayogawa anwani nyumbani, kwa utaratibu uitwao DHCP, mfano wa msimamizi wa nyumba ya wageni anayegawa funguo za vyumba. Kila kifaa hukopeshwa anwani kwa muda. Umeme ukikatika, ruta nyingi ndogo husahau nani alikuwa chumba gani, na anayetangulia kufika hupewa anwani iliyo wazi. Simu ina betri, kwa hiyo hufika mara ruta inapoamka. Kompyuta ya mezani bado inajikokota kuwaka. Anwani zenyewe, zile zinazoanza na 192.168, zilitengwa rasmi kwa mitandao ya ndani. Ndiyo maana nambari ileile yaweza kuwa Garsen, Hola na Kipini kwa wakati mmoja bila kugongana.

Sisi wa delta ya Tana hatupaswi kushangazwa na anwani inayohama. Mto Tana wenyewe ulihama. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belazoni kuuunganisha na mto Ozi, na maji yakaifuata njia hiyo mpya hadi yakawa yanatokea baharini Kipini. Anayeshika ramani ya kale atafika kwenye mlango wa zamani asiukute mto, na kosa halitakuwa la mto.

Dawa yake ni fupi. Ndani ya ukurasa wa ruta kuna sehemu ya kuiwekea kompyuta anwani ya kudumu, kwa kufuata nambari ya kadi yake ya mtandao. Ukishaiweka, umeme ukatike mara kumi, chumba kitabaki kilekile.

Lakini somo kubwa nililolipata usiku ule ni kusikiliza jibu kabla ya kugusa chochote. Pwani tunafundishwa tangu utotoni kwamba hodi ina majibu yake, na kila jibu lina maana. Kompyuta nayo ina majibu matatu makuu.

La kwanza ni kimya. Unangoja, kisha unaambiwa "Connection timed out". Hapo hodi haikufika, au imefika na mlinzi ameinyamazia. Tazama kama kompyuta imelala ili kuokoa umeme, kama waya umechomoka, au kama umejiunga na Wi-Fi ya wageni, ambayo ruta nyingi huitenga makusudi ili vifaa visionane. Ikiwa yote ni sawa, chunguza ngome ya ulinzi (firewall) ya kompyuta inayoitwa. Windows ikiuhesabu mtandao wako kuwa wa hadharani hufunga milango mingi, hata ping isijibiwe. Iambie kwamba mtandao ni wa nyumbani.

La pili ni kukataliwa, lililonipata mimi. Mara nyingi umefika kwenye mashine, lakini nyuma ya mlango huo hakuna anayepokea. Ama programu ya kupokea haijawashwa, ama nambari ya mlango si yake, ama mashine si ile uliyoikusudia. Kwa wanaotumia Remote Desktop ya Windows, mlango ni nambari 3389, na toleo la Windows la Home haliwezi kupokea wageni kwa njia hiyo. Linalopokea ni Pro na matoleo ya juu yake.

La tatu ni "Permission denied". Mtandao hauna kosa hapa, kwa hiyo usiiguse ruta. Mlango umefunguliwa, umeulizwa wewe ni nani, na jibu lako halikukubalika. Kagua jina la mtumiaji, ambalo lazima liwe lile la kompyuta unayoingia. Kagua neno la siri na herufi zake kubwa na ndogo.

Kuna onyo moja lisilofaa kupuuzwa, lile linalosema utambulisho wa mashine umebadilika. Huenda umeweka mfumo upya, au anwani imehamia kompyuta nyingine. Huenda pia kuna anayejifanya yeye ndiye. Hakikisha kwanza, kisha ndipo ufute kumbukumbu ya zamani.

Uangalifu huu una chanzo chake. Mwaka 1995, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki nchini Finland, maneno ya siri yaliibwa yakiwa njiani, kwa sababu njia za zamani kama Telnet ziliyapitisha wazi. Mtafiti wa chuo hicho, Tatu Ylönen, akatunga SSH, inayofunga mazungumzo yote kwa siri. Aliiombea mlango nambari 22, uliokuwa wazi kati ya 21 wa FTP na 23 wa Telnet. Mlango huo ndio tunaobisha hadi leo.

Basi usiufungue kwa dunia nzima kupitia ruta yako ati kwa sababu umechoka kutafuta kosa. Kwa kompyuta mbili za nyumba moja, mtandao wa ndani unatosha.

Mafundi wetu wengi wako Malindi, zaidi ya kilomita 100 kwa barabara, na mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yalitukumbusha jinsi barabara za huku zinavyokatika, ile ya kwenda Lamu ikiwa mojawapo. Kwa hiyo nakuomba, msomaji, chukua karatasi leo. Andika jina la kila kompyuta ya nyumbani, anwani yake na jina la mtumiaji wake, neno la siri ulihifadhi kwingine, kisha ubandike karatasi hiyo karibu na ruta na uwaonyeshe watoto maana yake. Siku hodi yako isipoitikiwa, soma jibu ulilopewa kabla hujaipakia kompyuta kwenye basi. Yangu ilikuwa nzima tangu mwanzo, na fomu zote zilikuwa tayari kabla ya saa tano usiku.