Sombe, Nyanya na Uyoga: Kila Mboga na Hatari Yake

Mboga inayopendwa kuliko zote hapa kwetu Kasulu na Kibondo ndiyo hiyo hiyo inayodai uangalifu kuliko zote. Sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, yakichemka mpaka yakalainika na kutiwa mawese, karanga na kipande cha samaki mkavu aina ya mgebuka, hakuna mgeni atakayeondoka bila kuomba aongezewe. Lakini jani hilo likiwa bichi lina sumu. Nyanya haina sumu kama hiyo, ila inaweza kukulaza kwa kuhara kutokana na maji uliyoioshea. Na uyoga wa msimu wa mvua unaweza kuua nyumba nzima hata kama mpishi ana mikono safi na kauchemsha saa nzima.

Nimezaliwa Kibondo, nimeolewa Kasulu, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kupita kaya kwa kaya nikizungumza na wazazi juu ya lishe na usafi. Wanawake wa huku wameshasikia “osheni mboga” mpaka wamechoka kuisikia, na wanaosha kweli. Tatizo ni kwamba kuosha kunatibu hatari ya aina moja tu. Ndiyo maana siku hizi ninaanza na swali: hatari ya mboga hii iko wapi? Iko juu ya jani, iko ndani ya jani, au iko mikononi mwangu na kwenye vyombo vyangu? Ukishalijibu, utajua kama kinachotakiwa ni maji, kinu, moto, au kuitupa kabisa.

Sumu iliyo ndani ya jani

Jani la muhogo lina kemikali iitwayo linamarini. Ndani ya jani hilo hilo, lakini mahali pengine, kuna kimeng'enya ambacho kikikutana na linamarini huivunja na kutoa sianidi, sumu inayopaa hewani kama gesi. Jani likiwa zima, viwili hivyo havikutani, kama watu wanaoishi nyumba moja kila mmoja kajifungia chumbani kwake. Mchi ndio unaobomoa kuta. Jani linaposagika, kimeng'enya kinaifikia linamarini, sianidi inatoka na kuondoka kwa hewa, maji na moto.

Mke kijana wa jirani yangu aliniuliza tukiwa kwenye kinu, “Mama, kwani tukiyachemsha kwanza ndipo tuyatwange si yatalainika upesi?” Ni kweli yatalainika, lakini maji ya moto huua kile kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na sehemu ya linamarini hubaki kwenye jani. Twanga majani yakiwa mabichi. Na kama ulishayachemsha kwanza, mwaga maji hayo yote. Usiyapikie mboga, wala usimpe mtoto kama mchuzi.

Bibi zetu walitwanga hivi, na sayansi imekuja kuwaunga mkono. Chuma majani, ondoa vikonyo, yaoshe yakiwa mazima. Twanga polepole mpaka ukisugua kidogo kati ya vidole usikute kipande cha jani wala mshipa mgumu. Hapo wengi huenda moja kwa moja kwenye sufuria. Ukiwa na nafasi, tandaza yale yaliyotwangwa kwenye ungo safi kwa unene mdogo, yafunike kwa kitambaa chepesi kuzuia inzi, uyaache saa 2 juani au saa 5 kivulini ili gesi itoke. Kisha yaoshe kwa maji safi, yakamue, ndipo uyapike. Yachemshe kwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi sehemu kubwa ya muda huo. Mawese na karanga vije mwishoni.

Kuna wanaokamua majani mabichi ya muhogo na kunywa maji yake wakitafuta kuongeza damu. Nawaomba waache. Mjamzito aliyepungukiwa damu aende kliniki akapimwe na kupewa vidonge, na sombe aile ikiwa imetwangwa na kuiva.

Anayedhani haya ni maneno ya kutishana akumbuke Tarime, mkoani Mara, mwaka 1985. Ukame ulikuwa umekausha mazao mengine, watu wakabaki na muhogo mchungu, na kwa njaa wakaufupishia maandalizi. Watu kadhaa walipooza miguu ghafla. Ugonjwa huo huitwa konzo. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, na miguu iliyopooza hairudi kuwa kama zamani. Pale chanzo kilikuwa mizizi, lakini sumu ni ile ile iliyo kwenye majani, nayo huongezeka mmea unapopata ukame. Mwaka wa mvua haba ndio mwaka wa kutwanga majani zaidi na kuvundika mizizi zaidi, ingawa ndio mwaka ambao kila mtu anatamani chakula kifike mezani upesi.

Uchafu ulio juu ya jani

Kiangazi mboga zetu hutoka mabondeni. Lengalenga, matembele, kabichi na nyanya humwagiliwa kwa ndoo kutoka kwenye kijito ambacho juu yake watu hufua na ng'ombe hunywa. Wengine hutia samadi mbichi siku chache kabla ya kuvuna. Mvua kubwa zikianza, maji hushuka kutoka milimani yakisomba kilichoko vyooni na vichakani mpaka bustanini. Hapo ndipo jani linapobeba vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo na amiba, pamoja na mayai ya minyoo. Mayai ya tegu wa nguruwe yanayotoka kwenye kinyesi cha binadamu, mtu akiyala na kachumbari, yanaweza kuanguliwa na kufika kwenye ubongo yakamletea kifafa.

Mkoa wetu wa Kigoma unakijua kipindupindu. Mei 2015 maelfu ya wakimbizi wa Burundi walijazana Kagunga, kijiji kidogo ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ugonjwa ukalipuka, na vifo vikatokea kabla watu hawajamaliza kuhamishwa kwa meli ya Liemba na vyombo vingine kwenda Kigoma mjini, na kutoka huko kwa mabasi mpaka kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Watu wengi, maji machache na vyoo visivyotosha: hali hiyo ikitokea kwenye kijiji chochote, mboga mbichi ni mojawapo ya njia ambazo ugonjwa hupita.

Mboga inayopikwa mpaka kuiva ina afueni, kwa sababu moto huua vimelea hivyo. Hofu yangu kubwa ni kachumbari, kabichi mbichi, karoti, na parachichi. Watu husahau kuosha parachichi kwa kuwa ganda haliliwi, ila kisu kikipita kwenye ganda chafu hupeleka uchafu mpaka kwenye nyama ya tunda.

Kwa hiyo osha mikono kwa sabuni kwanza. Ondoa majani ya nje ya kabichi. Osha mboga kabla ya kuikata: ukiikata kwanza, uchafu unaingia ndani na vitamini zinaondoka na maji. Majani yatenganishe, yazamishe kwenye beseni la maji mengi, yatikise, kisha yanyanyue kwa mikono uyaweke kwenye beseni la pili. Usiyamwage pamoja na maji, maana mchanga uliotuama chini utarudi juu ya majani. Rudia mpaka chini ya beseni pasibaki mchanga. Kwa mboga ya kuliwa mbichi, maji ya mwisho yawe yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Maji yakishatokota kwa mapovu makubwa kwa dakika 1 yanatosha; wanaohitaji dakika 3 ni wale wanaoishi juu ya mita 2,000, na miji yetu haifiki huko. Sabuni ya unga ibaki kwenye nguo, kwa sababu mboga huinyonya.

Nyanya ina jambo lingine. Mara nyingi huletwa sokoni ikiwa na vumbi jeupe au la buluu karibu na kikonyo. Hilo ni baki la kiuatilifu, na kuchemsha si dawa ya kutegemea. Imiminie maji kutoka kwenye jagi huku ukiisugua kwa vidole, hasa kwenye kibonyeo cha kikonyo ambako unga hujificha. Muulize muuzaji bila kumvunjia heshima, “Mama, hizi mlizipiga dawa lini?” Na wewe unayelima, kila chupa ya kiuatilifu imeandikwa idadi ya siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna. Siku hizo ziheshimu hata kama bei imepanda. Chupa ikiisha isirudi nyumbani kuwekea mawese, chumvi wala maji.

Mikono, kisu na kiporo

Mboga inaweza kuwa safi ikachafukia jikoni. Kisu kilichopasua kuku kikikata nyanya ya kachumbari bila kuoshwa, kuosha nyanya kulikuwa kazi bure. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2001 kanuni 5 za chakula salama ambazo hata jiko la mafiga matatu linaweza kuzifuata: dumisha usafi, tenga vibichi na vilivyopikwa, pika mpaka kuiva, hifadhi chakula kwenye joto salama, tumia maji na vyakula salama. Mwaka 2015 shirika hilo hilo lilikadiria kwamba kila mwaka watu milioni 600 duniani huugua kwa sababu ya chakula kisicho salama na 420,000 hufa, karibu theluthi yao wakiwa watoto walio chini ya miaka 5.

Kiporo ndicho kinachotuponyoka zaidi. Sombe na maharage hupikwa jioni vikaliwa asubuhi, na watu wa huku huamini baridi ya mwezi wa sita inatosha kuvihifadhi. Haitoshi. Vimelea huzaana kati ya nyuzi 5 na 60, na usiku wetu wa baridi uko humo humo. Kula chakula ndani ya saa 2 tangu kitoke motoni. Kama kitabaki na hakuna jokofu, pika kinachotosha mlo mmoja. Kiporo unacholazimika kukila kifunikwe, kiwekwe mahali pa baridi, kisha kichemshwe upya mpaka kitokote chote, si kupashwa pembeni tu. Kilichobadilika harufu kitupwe, na ambacho hakijabadilika kisiaminiwe kwa pua peke yake.

Uyoga: hapa moto hausaidii

Mvua za kwanza zikinyesha kwenye misitu ya miyombo, watoto wa Kibondo huingia porini na kurudi na vikapu vya uyoga. Ni chakula kitamu chenye virutubisho, na wako wazee wanaoitambua kila aina kwa rangi, kwa mashina na kwa mti ulioota chini yake. Lakini sumu ya uyoga mbaya kabisa haiondolewi kwa kuchemsha, kukausha wala kumwaga maji. Kusema kwamba uyoga ulioliwa na wadudu ni salama, au kwamba kijiko kikibadilika rangi ndipo una sumu, ni uongo unaoua. Konokono anakula uyoga unaomwua binadamu.

Usiache mtoto achume peke yake. Kula ule tu ambao mtu mzima wa mahali hapo ameujua miaka yote, na ukiwa na shaka na mmoja, kapu zima litupwe. Aliyehamia kutoka mkoa au nchi nyingine awe mwangalifu zaidi, kwani uyoga wa huku unaweza kufanana kabisa na ule mzuri wa kwao. Sumu kali huchukua saa 6 mpaka 12 au zaidi kabla ya kutapisha na kuharisha. Baadaye mgonjwa huonekana kupata nafuu, kumbe ini linaharibika. Usidanganyike na nafuu hiyo. Mpeleke hospitali mara moja, na ubebe mabaki ya uyoga wenyewe.

Anayechoka ndiye anayefupisha

Ukijumlisha yote haya utaona yanadai maji mengi, kuni nyingi na muda mrefu, na katika nyumba nyingi vyote vitatu hutoka mgongoni mwa mtu mmoja. Mwanamke aliyetoka shamba saa kumi na moja, akapanda mlima na ndoo kichwani, ndiye tunayemtaka atwange mpaka mshipa wa mwisho usagike, abadilishe maji, kisha achemshe mengine ya kusuuzia. Tarime walifupisha kwa sababu ya njaa. Kwetu watu hufupisha kwa sababu ya uchovu, na uchovu unaweza kugawanywa.

Baba, beseni la pili ni la kununuliwa siku ya soko. Kibuyu chirizi cha kunawia mikono karibu na jiko ni kidumu, kamba na vijiti viwili, kitengeneze wewe. Kinu kizito kinafaa mikono ya vijana, na kijana wa kiume anayejifunza kutwanga sombe hapungukiwi na chochote. Wanakijiji wakikaa kwenye mkutano kujadili maendeleo, chemchemi iliyojengewa na kuzungushiwa uzio izungumzwe kabla ya mambo mengine, kwa sababu kila mboga ya kijiji kile inaanzia pale. Akina mama wa Kasulu na Kibondo wanajua kupika. Wapewe maji ya karibu na mikono ya kuwasaidia, na watoto wetu watakula sombe bila hofu.